Kwa Nini Vidole Hufa Ganzi Kwenye Baiskeli Hata Ukivaa Glavu Nene

Kila mwaka ifikapo Novemba, sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi katika miji ya kaskazini hurudia swali lile lile, iwe ni nje ya msikiti, kwenye chai baada ya ibada au kazini wakati wa mapumziko: glavu nimenunua, tena za bei, mbona nikifika nusu ya njia vidole vinauma kama vinakatwa? Majibu hayakosekani. Mmoja husema vaa pea mbili, mwingine husema pata tone la kitu kikali kabla hujatoka, na wa tatu hukata shauri kwamba Mwafrika hakuumbiwa baridi hii na heri apande basi. Simu nayo huzidisha utata, kwa sababu asubuhi hutuonyesha namba mbili, -10 na chini yake maneno kwamba inahisi kama -18, na mtu hajui avae kwa ajili ya ipi.

Naandika haya kutoka Oulu, mji wa Finland ulio ufukweni mwa Ghuba ya Bothnia, kilomita zisizofika 200 kusini mwa mstari wa Aktiki. Mji huu una wakazi zaidi ya 200,000 na njia za baiskeli zenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, ambazo huondolewa theluji majira yote ya baridi. Mwaka 2013 ndipo ulipofanyika hapa mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu uendeshaji wa baiskeli wakati wa baridi. Mwezi Desemba jua hukaa angani kwa saa tatu na nusu tu, siku za -20 si ajabu, na bado utawaona watoto wa shule wakipita kwa baiskeli gizani, taa zikiwaka, bila mtu yeyote kuwashangaa. Hawana damu tofauti na yetu. Walichotuzidi ni kuwa walifundishwa mapema jambo ambalo wengi wetu tulijifunza kwa maumivu.

Mimi nililijifunza juu ya daraja. Januari ya kwanza niliyokaa hapa nilinunua glavu za ngozi, nene, zenye vidole vitano, zinazonibana vizuri mkononi kama za mpiganaji, nikatoka nazo kwenda kazini asubuhi ya -18. Nilipovuka Mto Oulujoki kutoka Tuira kwenda katikati ya mji, pale kwenye madaraja ambako upepo hauna kizuizi, vidole viliacha kuuma, nami nikadhani nimezoea. Nilipofika nilishindwa kuutoa ufunguo mfukoni. Niliushika kwa viganja viwili, kama mtoto mdogo anavyoshika kikombe, nikauzungusha kwenye kufuli kwa nguvu ya mabega. Dakika kumi baadaye, ndani, damu ilipoanza kurudi, maumivu yalinikalisha sakafuni. Glavu zilikuwa nzima kabisa na hazikuwa na kasoro yoyote. Kosa lilikuwa katika kutoelewa kazi ya glavu.

Maneno machache kwanza

Tunaposema "vidole vimeganda" huwa tunachanganya mambo matatu ambayo yanapaswa kutenganishwa. La kwanza ni vidole kuuma kwa baridi, na hiyo ni taarifa tu kwamba damu imepungua huko. La pili ni vidole kufa ganzi, yaani mishipa ya fahamu imepoa kiasi cha kushindwa kupeleka taarifa, kwa hiyo maumivu hutoweka wakati hatari inaongezeka. La tatu ndilo kuganda hasa: nyama ya kidole, sikio au pua hupoa mpaka majimaji yaliyomo ndani yake yakawa barafu. Ngozi huanza kuganda inapofika takriban nusu ya nyuzi chini ya sifuri, na jambo hilo nitaliita jeraha la kuganda. Mtu anayefikiri ganzi ni nafuu hufanya kosa lile lile nililofanya mimi darajani.

Katika maduka ya hapa utakutana pia na majina matatu ya kitu ambacho sisi tunakiita glavu tu. Zenye vidole vitano ni *sormikkaat*. Zile za mfuko mmoja wa vidole vinne na kijumba cha pembeni cha dole gumba, zikiwa za sufi iliyofumwa, ni *lapaset*, na zikiwa nzito, za ngozi au za kitambaa cha kuzuia upepo, ni *rukkaset*. Lugha ambayo imetenga maneno matatu kwa mavazi ya mkono inajua kwamba tofauti hiyo ina uzito, na tutaona ni kwa nini.

Glavu haina moto

Tuanze na jambo lililo jepesi kuliko yote. Chupa ya chai haipashi chai. Ukitia chai ya moto asubuhi utaikuta moto adhuhuri, na ukitia maji ya baridi utayakuta ya baridi, kwa kuwa kazi ya chupa ni kuzuia kilichomo kisitoke haraka. Glavu ni chupa ya aina hiyo. Mkono uliokwisha kupoa ukiingizwa katika glavu nene utabaki umepoa, na ile glavu nene itakusaidia kuuhifadhi ubaridi huo. Ndiyo maana anayetoka nje mikono mitupu, akafuta theluji kwenye tandiko, akahangaika na kufuli la chuma kwa dakika tatu, kisha akavaa glavu zake na kuondoka, huwa ameshindwa kabla hajaanza.

Moto wenyewe unatoka wapi? Unatoka kwenye damu. Mwili hujitahidi kukaa kwenye nyuzijoto 37 hivi katika kifua, tumbo na kichwa, mahali vilipo viungo ambavyo haviwezi kusimama hata kwa muda mfupi, na joto linalobaki ndilo husafirishwa na damu hadi mikononi na miguuni. Vidole havina jiko lao. Misuli mikubwa inayovikunja na kuvikunjua haimo ndani ya vidole. Imo katika sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja, na huvuta vidole kwa kano ndefu kama mtu avutaye ndoo kisimani kwa kamba. Ukishika mkono wako hapo chini ya kiwiko huku ukichezesha vidole utaihisi ikifanya kazi. Kwa hiyo hata ukikunja vidole mara mia, joto kubwa linazaliwa juu huko, na wao husubiri waletewe.

Tena umbo lao linawaponza. Kahawa ya kwenye kikombe kidogo cha barazani hupoa kabla hujamaliza sentensi mbili, ilhali ile ya kwenye birika hukaa, kwa sababu kitu kidogo na chembamba kina ngozi nyingi ya kupotezea joto kuliko nyama ya kulihifadhi. Kidole ni kikombe cha kahawa na kiwiliwili ni birika.

Sasa fikiria mgao wa maji. Maji yakipungua kwenye tangi kuu, wanaosimamia bomba hufunga koki za mitaa ya mbali ili hospitali na katikati ya mji pasikauke, na nyumba zilizo mwisho wa bomba ndizo huanza kupiga kelele. Mwili hufanya vivyo hivyo. Ukihisi kwamba kifua kinapoa, au hata ngozi ya uso inapopigwa na baridi kali ya ghafla, hubana mishipa midogo ya damu ya vidoleni, na damu iliyokuwa ikienda huko ikabaki ndani. Vidole vinatolewa kafara ili moyo usidhurike. Ni busara kubwa ya mwili, lakini humfanya mwendesha baiskeli ateseke akiwa na glavu za bei kubwa mkononi na koti jepesi kifuani.

Ukishalielewa hilo, mambo mengi yanayoonekana kama miujiza hupata maelezo. Kwa nini dakika kumi au kumi na tano za mwanzo ni mbaya kuliko zote? Kwa sababu mwili umetoka kwenye joto la nyumba, umeshtuka, umefunga koki, na misuli ya mapaja haijaanza kuzalisha joto la kutosha kuushawishi uzifungue. Baada ya hapo, mtu aliyevaa vizuri kiwiliwili na anayekanyaga kwa nguvu za wastani huhisi vidole vikifunguka vyenyewe, wakati mwingine kwa mwasho. Kwa nini mwenye baiskeli ya umeme hulalamika zaidi kuliko jirani yake mwenye baiskeli ya kawaida? Kwa sababu injini inafanya kazi ambayo mapaja yangeifanya, joto halizaliwi, na upepo unabaki ule ule. Ndugu zetu wanaosambaza vyakula kwa baiskeli za umeme wako katika hali ngumu zaidi ya wote, maana huenda kasi bila kukanyaga sana, husimama mlangoni mwa watu, na kila baada ya dakika chache huvua glavu ili waguse simu.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya vidole haivaliwi vidoleni. Ni fulana ya sufi au ya kitambaa kisichonyonya jasho, skafu inayofunika shingo yote, na nguo ya juu inayozuia upepo kifuani. Ya pili ni kuziba pengo kati ya mkono wa koti na glavu. Pale kwenye kifundo cha mkono, mahali daktari anapokushika kupima mapigo ya moyo, mshipa unapita karibu kabisa na ngozi, na damu yote iendayo vidoleni hupita hapo. Ukiacha sentimita mbili wazi, unaipoza njiani. Soksi kuukuu iliyokatwa kidole na kuvutwa hadi kwenye kifundo hufanya kazi hiyo bila gharama. Ya tatu ni kuvaa glavu ukiwa bado ndani, mikono ikiwa na joto, kisha uzungushe mikono yote kutoka begani mara ishirini au thelathini kwa kasi kabla ya kupanda, ili mzunguko huo uisukume damu hadi kwenye ncha.

Upepo wa kujitengenezea

Sasa turudi kwenye zile namba mbili za simu. Uji wa moto ukiwa kwenye kijiko unazungukwa na utando mwembamba wa hewa ambayo imeshapata joto la uji wenyewe. Ukiupuliza, unaondoa utando huo na kuweka hewa mpya ya baridi, unauondoa tena na tena, na uji unapoa haraka. Ngozi yako pia ina utando kama huo, na upepo huufuta. Namba ya pili kwenye simu, ile ya "inahisi kama", hukadiria ngozi iliyo wazi inapoteza joto kwa kasi gani upepo unapovuma, kwa kulinganisha na siku iliyotulia.

Fikra hiyo ilipata vipimo huko Antaktika, ambako Wamarekani Paul Siple na Charles Passel walitundika chombo cha plastiki chenye maji nje na kupima muda wa maji hayo kuganda katika upepo wa kasi mbalimbali, wakachapisha matokeo mwaka 1945. Hesabu inayotumika leo Marekani na Kanada ilirekebishwa mwaka 2001. Kwa hesabu hiyo, hewa ya -10 yenye upepo wa kilomita 20 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kama -18, na hewa ya -15 yenye upepo huo huo huipoza kama -24. Serikali ya Kanada huonya kwamba kuanzia -28 ya namba hiyo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30.

Mwendesha baiskeli ana jambo la ziada ambalo utabiri wa hali ya hewa haumwambii. Kilomita 20 kwa saa ni mwendo wa kawaida wa mtu anayewahi kazini. Asubuhi ambayo bendera zimelala na moshi wa mabomba unapanda wima, aliyesimama kituo cha basi yuko katika -10, na wewe unayepita mbele yake uko katika upepo uliojitengenezea mwenyewe. Mikono ndiyo iliyo mbele ya mwili wote, imenyooshwa, haisogei, haina kinga. Hesabu ile ilitungwa kwa uso wa mtu anayetembea, kwa hiyo kwa baiskeli ichukuliwe kama makadirio, lakini mwelekeo wake ni sahihi.

Hapa pana dhana moja ya kurekebisha. Uji ukiupuliza mpaka jioni hautakuwa wa baridi kuliko hewa ya chumba. Vivyo hivyo upepo hauwezi kukishusha kidole kikavu chini ya joto la hewa yenyewe. Unakifikisha huko upesi tu. Siku ya +2 yenye upepo mkali vidole vitauma sana, lakini havitaganda. Na kutokana na hilo swali la "nivae kwa ajili ya namba ipi" hupata jibu: ukivaa kitu ambacho upepo hauwezi kukipenya, namba ya pili haikuhusu tena mkononi, unarudi kwenye ile ya kwanza. Glavu ya sufi iliyofumwa na bibi kwa mkono, nzuri na nene, hupitisha upepo kama chandarua. Juu yake ukivaa mfuko mwembamba wa nailoni, hata ule usio na joto lolote, utashangaa.

Mifuko ya usukani

Kutokana na hayo, kifaa ninachokithamini kuliko vyote kwenye baiskeli yangu hakivaliwi na mimi, kinavaliwa na usukani. Ni mifuko miwili mikubwa, ya kitambaa kizito kilichotiwa bitana, inayofungwa pande zote mbili za usukani na kufunika mpini, breki na gia kwa pamoja. Unaingiza mkono kutokea nyuma, kama unavyoingiza mkono kwenye gunia la mchele. Ndani yake hakuna upepo kabisa. Hewa iliyomo hupashwa na mkono wako na kubaki humo, na chuma cha breki, ambacho hufyonza joto la vidole hata kupitia glavu, hakipigwi tena na baridi ya moja kwa moja. Waendeshaji wa masafa marefu wa Alaska huitegemea, na katika miji ya kaskazini mwa China utaiona kwenye pikipiki za umeme kwa maelfu.

Faida yake kubwa ni kwamba inakuruhusu kuvaa glavu nyepesi. Siku ya -15 mimi huendesha nikiwa na glavu nyembamba za sufi ndani ya mifuko hiyo, nikihisi breki vizuri, na anayegusa simu mara kwa mara anaweza kutoa mkono, kugusa, na kuurudisha mahali penye joto. Watu huikataa kwa sababu ya sura yake, na ni kweli kwamba baiskeli huonekana kama imevaa masikio ya tembo. Kuna pia hofu ya kukwama wakati wa kuanguka. Mdomo wa mfuko mzuri ni mpana na mkono hutoka bila kuvutwa, lakini fanya mazoezi kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani, na hakikisha kengele unaifikia.

Asiyekuwa nayo, achague glavu za mfuko badala ya za vidole. Katika sormikkaat kila kidole kinakaa chumba chake peke yake, kimezungukwa na baridi pande zote. Katika rukkaset vidole vinne hulala kitanda kimoja na kupashana joto. Kuna na aina ya katikati, iliyogawanywa mara mbili kama kwato za ng'ombe, ambayo humwachia mtu vidole viwili vya kukamata breki. Kwa breki nyingi za kisasa hiyo inatosha sana.

Kuhusu ukubwa, zile glavu zangu za ngozi zilinifundisha. Kinachohifadhi joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, kama ilivyo hewa iliyonaswa ndani ya blanketi. Glavu inayobana haina hewa, na zaidi ya hapo inaminya mishipa midogo ambayo tayari imejibana yenyewe. Ndivyo anavyoharibikiwa anayevaa pea mbili za saizi moja: ameongeza kitambaa, akapunguza hewa na damu kwa pamoja. Pea mbili ni wazo jema ikiwa ya nje ni kubwa kiasi kwamba vidole vinacheza ndani. Kuukaza mpini kwa nguvu kuna athari hiyo hiyo. Legeza mshiko, inua usukani kidogo ikiwa mwili umelala sana mbele, na ujue kwamba ganzi ya kidole cha mwisho na cha pili yake inaweza kuwa mshipa wa fahamu unaobanwa kiganjani wala si baridi.

Jasho nalo ni adui anayepuuzwa. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuwa unatoa unyevu nje na unyevu huo unapokauka unachukua joto. Glavu iliyolowa kwa ndani ni mtungi uliouvaa mkononi. Kwa hiyo katika -3 usivae za -20. Pamba hunyonya maji na kuyakalia, kwa hiyo iache nyumbani. Sufi ikilowa kidogo bado hupasha.

Vile vifuko vidogo vya kupashia mikono vina unga wa chuma, chumvi, makaa na maji kidogo, na joto lake linatokana na chuma kushika kutu kwa haraka kinapokutana na hewa. Havitawaka vizuri vikifinywa ndani ya glavu iliyojaa, maana vinahitaji kupumua. Viweke nyuma ya kiganja au kwenye kifundo cha mkono, ndani ya nafasi, na uvifungue dakika chache kabla ya kutoka.

Yanayosemwa na watu

Pombe hupanua mishipa ya ngozini, kwa hiyo mtu huhisi joto kweli. Lakini joto analolihisi ni lile linalotoka kifuani kuelekea nje, na baada ya muda mwili mzima umepoa na akili imelegea kiasi cha kutolitambua. Sigara hufanya kinyume: nikotini hubana mishipa ya vidoleni moja kwa moja. Habari kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli pia. Kichwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi yote na hupoteza joto kwa kadiri hiyo, ingawa kofia chini ya helmeti bado ni ya lazima kwa ajili ya masikio.

Lile la "Mwafrika hakuumbiwa baridi" linahitaji jibu la uangalifu, kwa sababu ndani yake mna chembe ya ukweli iliyofunikwa na kukata tamaa. Uchunguzi uliofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza umeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe. Vipimo vya maabara navyo vimeonyesha kwamba, kwa wastani, mishipa ya vidole vyao hubana kwa nguvu zaidi na hukawia kufunguka. Huo ni wastani. Ndani yake wamo watu wa kila namna. Maana yake si kwamba tusiendeshe baiskeli. Maana yake ni kwamba usimwige mwenzako Mfini aliyetoka mikono mitupu katika -5, na usione haya kuvaa rukkaset wakati yeye bado ana sormikkaat.

Hilo linanipeleka kwenye jambo linalonikera katika vijitabu vingi vya huduma ya kwanza. Huandika kwamba ngozi huwa nyekundu kisha nyeupe, kana kwamba wasomaji wote wana ngozi ya aina moja. Kwenye ngozi nyeusi tafuta rangi ya kijivu, kama ya majivu, au ngozi yenye kung'aa kama nta, na utazame ndani ya kiganja na chini ya kucha. Hata hivyo kipimo kizuri zaidi ni cha kugusa. Ukiwa njiani, jaribu kugusisha dole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Ukishindwa, mikono yako haiwezi tena kuaminiwa kushika breki. Shuka, ingiza mikono makwapani chini ya koti, na utafute mahali pa ndani.

Wapo pia wenye vidole vinavyobadilika rangi hata kwa kushika maziwa ya friji, kisha vikarudi kwa maumivu. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza hali hiyo mwaka 1862 na inaitwa kwa jina lake. Ukiona hivyo kwako, mweleze daktari, kwa kuwa ina matibabu.

Kidole kikishapatwa

Ushauri wa kusugua kidole kwa theluji ni wa zamani sana; daktari wa jeshi la Napoleon, Dominique Jean Larrey, aliutoa baada ya kuona askari waliojipasha motoni wakiharibikiwa. Alikuwa sahihi kuhusu moto na alikosea kuhusu theluji. Kidole kilichoganda kina vipande vya barafu ndani ya nyama, na kukisugua ni kuisaga nyama hiyo. Moto, jiko na bomba la kupashia nyumba havifai pia, maana kidole kilichokufa ganzi huungua bila kusema.

Kinachofaa ni maji ya vuguvugu, ya nyuzijoto 37 hadi 39, yanayoongezwa kila yanapopoa, kwa dakika 15 hadi 30, mpaka ngozi iwe laini tena. Pima maji hayo kwa kiwiko, kama mama apimavyo maji ya mtoto, kwa sababu mkono uliopatwa hauwezi kukuambia ukweli. Maumivu yatakuja, na ni dalili njema. Usitumbue malengelenge. Kama bado una safari ya kurudi nje na vidole vinaweza kuganda upya, ni afadhali kusubiri kuviyeyusha, maana kuganda mara ya pili huharibu kuliko mara ya kwanza. Kidole kikibaki kigumu, cha kijivu, bila hisia, au kikitoa malengelenge, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na hali ikiwa mbaya zaidi piga 112, namba ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Jioni, kabla ya kulala, mimi hugeuza glavu za ndani nje na kuziweka kwenye kiti kilicho karibu na bomba la joto, si juu yake, na mifuko ya usukani huiingiza ndani ikiwa ilinyeshewa theluji. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi zinakuwa zimekauka. Nazivaa nikiwa bado nanyanyua kikombe cha chai.